Mguu wa Nne wa Meza ya Baba

Karakana ya Baba,
Nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wetu,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. Kile kifua kimepona? Mama anakusalimu, goti lake limepata nafuu. Mimi mzima, mzima kuliko ninavyostahili.

Barua yako ya milinganyo nimeisoma mpaka imechanika mikunjo. Nukta tatu zinatosha kujenga bapa, yaani uso ulionyooka, uliandika, na ya nne ama inatimiza mlinganyo ama iko nje. Nilicheka peke yangu. Miaka kumi na tisa nampigia Baba msasa, na kila nikigusa msumeno ananiambia, "Weka chini, wewe fagia maranda." Sasa nilikuwa nimepata fimbo.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alikuja kuchukua meza yake ya ofisini. Akaiegemea, ikacheza. Mkono wa Baba siku hizi unatetemeka, kwa hiyo wote tukamtazama yeye. Nikaipindua meza palepale mlangoni, miguu juu. Nikapima ncha ya kila mguu: umbali kutoka ukuta huu, umbali kutoka ukuta ule, urefu kutoka sakafuni. Nikakokotoa kwa chaki mbele ya mteja na mafundi wawili. x na y zikafutika, mlinganyo ukabaki z = 72, kwa sentimita. Mguu wa nne ulikuwa 72.6.

"Milimita sita, Baba," nikasema. "Hesabu haijui nani mkubwa, nani mdogo."

Baba alichukua nyuzi mbili akazivuta kimshazari, kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, zikakatana katikati. Ziligusana barabara. "Nyuzi zimegusana, miguu iko sawa," akasema. Nikamjibu kuwa mambo ya nyuzi ni ya wasiojua kusoma. Mafundi waliinama wakajifanya wanatafuta misumari. Nakuungamia, mdogo wangu: ilikuwa tamu.

Nikampa msumeno akate mwenyewe. Akakata milimita sita, huku mteja akitazama saa, tukaipakia meza kwenye mkokoteni bila hata kuisimamisha. Kesho yake Baba alinikabidhi ufunguo wa karakana. Sasa anayefagia maranda ni yeye, na mafundi wananiita mkuu.

Juzi meza imerudi. Kwenye vigae vya mwalimu mkuu haitulii hata dakika moja. Na wiki hiyohiyo ikafika barua yako ya pili, ile ya mistari: mistari miwili ikikutana, yote imo katika bapa moja. Niliisoma mara tatu. Nikamwaga maji kwenye sakafu ya karakana. Yote yalikimbilia kona ya mlangoni, pale uliposimama mguu wa nne. Kona imebonyea milimita sita. Nilikuwa nimeichukua sakafu yote kuwa sifuri bila kuipima, na nyuzi za Baba hazikuwa na haja ya sakafu. Miguu yake ilikuwa sawa mpaka mimi nilipomkatisha mmoja.

Nimebandika kipande cha mti chini ya mguu ule kabla Baba hajauona. Jana aliniita, akanyoosha viganja vyake vyote viwili. "Mikono hii imenisaliti, mwanangu. Afadhali uligundua wewe, si watu wa nje."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Pole."

Niseme nini? Nimrudishie ufunguo, nishike tena ufagio? Sitaki. Naona aibu, lakini sitaki.

Nakujua, utawaka, utataka kumwandikia ukweli. Andika tu, karatasi ni yako. Ila mama hana miwani, Baba hajui kusoma, na tangu uondoke barua zako zote ninamsomea mimi.

Msalimie shemeji na wanao, na shangazi ukimwona mwambie kitanda chake kiko tayari, nimekitengeneza kwa mikono yangu. Mungu akuzidishie akili, maana imetufaa sana nyumbani.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, fundi mkuu.