Dosie Yako Nimeifungua Mwenyewe

Mdogo wangu Nsimire,

Barua yako imefika nyumbani, hapa Adelphi. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa, kwa Kiingereza, na juu yake umeandika jina la Mama. Mama hasomi Kiingereza. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ni wewe uliyekuwa ukimsomea barua za hospitali tangu una miaka kumi na mbili. Kwa hiyo kazi ya kumtukana mama yetu kwa Kiswahili umeniachia mimi.

Nilikaa naye jikoni nikamdanganya. Nikamwambia unasema una kazi nyingi na unamsalimu sana. Mama alichukua karatasi, akaitazama juu mpaka chini, akanirudishia. "Soma tena," akasema. "Sasa usome yenye iko pale."

Nikasoma. Kwamba umegundua chanzo cha matatizo yako. Kwamba chanzo hicho ni sisi. Kwamba asikupigie simu, asikutumie mtu, asije ulipo, mpaka atakapokiri makosa yake. Mama aliuliza swali moja tu: "Ni yeye aliandika?"

Nilimjibu hapana, na bado naamini hivyo. Wewe huwezi kuandika mistari mitatu bila kumtania mtu au kuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua ile imeandikwa na watu wa jumba lile ulilohamia, wewe ukatia sahihi. Lakini umetia sahihi, Nsimire. Nimekukasirikia na sitaandika kama mtu ambaye hajakasirika.

Ngoja nikukumbushe ilivyoanza, kwa sababu nasikia huko wanawafundisha kukumbuka upya.

Ilikuwa Rockville, nje ya duka tulilokwenda kukununulia viatu vyeupe vya kazi, ile kazi yako ya kwanza ya kuhudumia wazee. Yule mwanamke alikuwa na meza, kitambaa cha buluu, na tabasamu la mtu aliyeajiriwa kutabasamu. Kipimo cha tabia, bure, akasema. Ukajaza majibu mpaka miguu yangu ikachoka kusimama. Akachora mstari, akakuonyesha mahali ulipoporomoka, akakwambia una huzuni ya zamani usiyoijua. Msichana aliyezaliwa vitani na kukulia kambini ana huzuni ya zamani! Hata aliyetuuzia viatu angeweza kukwambia hilo. Lakini wewe ulimtazama kama mganga aliyekutajia jina la ugonjwa wako. Kisha akatoa faili jipya, akaandika jina lako juu yake.

Hapo ndipo tuliponaswa. Mtu mwingine angeona mchuuzi, sisi tuliona dosie, faili la mkimbizi. Kambini, aliyekufungulia dosie ndiye aliyekuwa mlango wa kutokea. Tulivaa nguo za Jumapili kwenda kuhojiwa. Tulimwita afisa mzungu "Papa", yaani baba, ijapokuwa alikuwa kijana mdogo kuliko mjomba wetu. Ukimjibu vizuri unapanda ndege kuja Marekani, ukisita faili lako linarudi chini ya mafaili mengine. Miaka yote ile tulifundishwa kumheshimu mtu anayekuuliza maisha yako huku akiandika. Kwa hiyo uliponiuliza mimi mkubwa wako ndani ya gari, "Yaya, huyu dame nimuambie yote?" nilikujibu bila hata kufikiri: "Mwambie yote, usifiche kitu. Hawa ndio wanasaidiaka watu." Hilo ni langu. Silisukumi kwa mtu.

Ulirudi kutoka kikao cha kwanza ukiwa mwepesi, ukiimba bafuni. Ukatuonyesha kwa vikombe vya chai jinsi unavyoshika vikopo viwili vya bati, kimoja kila mkono, na mashine yenye sindano kama mshale wa saa inakusoma. "Sindano ikicheza anauliza, what was that? Unatafuta, unatafuta, mpaka unaipata. Halafu anakuuliza ya mbele yake, ya zamani zaidi." Mama akauliza kama anaandika. Ukajibu kwa fahari, "Anaandika yote, Mama. Niko na dosie kubwa kushinda ya watu wote." Tukacheka wote watatu. Nakumbuka Mama alikuongezea sambaza usiku ule, dagaa zile anazoziagiza kwa watu wanaotoka nyumbani na kuzificha nyuma ya friji.

Baadaye ukaniomba nikusaidie zoezi. Tukae tukitazamana mezani, bila kupepesa, bila kusogea, na mimi nikutukane nione kama utatikisika. Nilikuita majina yote niliyoyajua kwa Kiswahili na kwa Mashi. Kwenye lile la mbuzi wa padri ulianguka kutoka kitini kwa kicheko. Mara ya tatu hukucheka tena. Ulinitazama tu, macho makavu, ukaniambia, "Good. Thank you. Tuanze tena." Mimi nikaona umeendelea kimasomo. Kweli niliona hivyo, mjinga mkubwa mimi!

Ukaacha kazi ya wazee. Ukahamia kwao. Ukaanza kusema kwamba mtu anayewasema vibaya lazima ana uovu anaouficha, na nilipouliza nani kakwambia hivyo ukaniuliza mimi nimeficha nini. Angalia walivyolifunga fundo lao: ukinyamaza wewe ni mwenzao, ukilalamika wewe ni mwovu. Hakuna jibu la tatu. Na wanajiita kanisa! Sijawasikia wakisali hata mara moja.

Mara ya mwisho ulikuja kuchukua nguo zako, ukiwa na mwenzako aliyebaki mlangoni kama askari. Mama alikushika mashavu akakuuliza umekula. Ulimtazama vilevile ulivyonitazama mezani, bila kupepesa, ukamwambia unathamini mawasiliano yake. Unathamini mawasiliano yake! Mama alidhani unaumwa macho. Siku nzima aliniuliza kama kuna dawa.

Ndipo nikaenda jumba lile kukutafuta. Yule mwanamke wa Rockville alishuka kunipokea, akaniketisha, akaniletea maji. Alizungumza taratibu sana. Alisema wewe ni mtu mzima na umechagua. Kisha akasema amesikia historia yetu ndefu, tangu barabarani mpaka kambini, na kwamba familia zenye mambo kama yetu kwenye karatasi zao kwa kawaida hupenda utulivu. Alinisindikiza mpaka mlangoni akanitakia siku njema.

Nilielewa. Nilirudi nyumbani, na kwa wiki nyingi sikukanyaga tena kule. Sikukupigia simu. Sikumwambia Mama. Kila bahasha ya serikali iliyofika nilidhani ndiyo hiyo. Walinifunga mdomo bila kunigusa, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako, ambayo mimi ndiye niliyekutuma uyaseme.

Basi nayasema mwenyewe, na kila mtu ayasikie.

Nsimire hakuzaliwa na mama yangu. Mama yake mzazi alikuwa jirani yetu. Siku tuliyokimbia alimfunga mtoto mgongoni mwa Mama, akarudi kumchukua bibi yake aliyekuwa hawezi kutembea, na hatukumwona tena. Tulipofika kambini karani alimuuliza Mama ana watoto wangapi. Mama akasema wawili. Karani akaandika wawili. Hivyo tu. Kila mahojiano yaliyofuata, mimi ndiye niliyekaa nawe pembeni kukufundisha: ukiulizwa mama yako ni nani, onyesha huyu, usitazame chini. Tulipoanza ulikuwa na miaka saba. Ulijifunza haraka, na hukukosea hata siku moja mpaka uliposhika vile vikopo.

Naweza kuona walivyofanya. Sindano ikacheza ulipomtaja Mama. Ukaulizwa tena na tena, mpaka likatoka. Nao, badala ya kukwambia ulipendwa na mwanamke ambaye hakuwa na deni lolote kwako, wakakwambia umelelewa ndani ya uongo na waongo hao ndio wanaokuumiza. Kitu kizuri kuliko vyote tulivyonavyo wamekigeuza ushahidi. Siwezi kuwasamehe kwa hilo, na sijaribu.

Wiki iliyopita nilimweleza Mama yote. Nilitegemea atalia. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Bananitisha na mutoto wangu? Tafuta avoka. Kesho."

Tulikwenda Fairfax kwa wakili. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu wakubwa. Mimi nikatafsiri. Tulisema kila kitu, kuanzia barabarani. Wakili hakutuficha: inaweza kutuletea matatizo, na anaweza asiyazuie yote, lakini ni afadhali tuseme sisi kuliko kusemewa. Halafu akafika kwenye fomu. Akauliza, kwa ukweli sasa, huyu binti aandikwe nani kwa Mama?

"Mutoto," Mama akajibu.

Wakili akaeleza kwa upole kwamba sheria inahitaji ukweli kamili. Nikatafsiri. Mama akamgeukia, akaacha kunitazama mimi, akamwambia moja kwa moja kwa Kiswahili ambacho yule bwana hakijui hata chembe: "Ile njo ukweli. Andika mutoto. Kama haina nafasi, ongeza karatasi."

Wakili akaongeza karatasi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, barua hii naituma kwenye makundi yote ya simu ya watu wetu, kuanzia wanakwaya mpaka wale wa jengo letu wanaopenda habari za watu. Waisome. Wakija na faili lao tutawaambia tumeshalisoma, na sehemu nyingine tumewasahihishia herufi za majina. Hawana tena kitu cha kututishia. Wala hawana cha kukutishia wewe, kama ndicho kilichokufanya utie sahihi, na mimi kila siku naomba iwe ni hicho.

Maana ikiwa ulitia sahihi kwa woga, woga umekwisha leo, njoo nyumbani. Usipige simu kwanza, usiandike, usiombe msamaha kwa mtu. Lakini ukisoma haya yote na bado ukabaki pale, basi utakuwa umebaki mwenyewe, na mimi sitamtafsiria Mama barua yako nyingine yoyote. Utakuja kumsomea wewe, umekaa mbele yake, kwa Kiswahili alichokufundisha yeye.

Yaya wako