Saa Moja na Nusu Juu ya Ngazi

Jumamosi, 7 Juni

Kisarawe tena. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshaingia msituni. Chupa mbili za maji, mihogo ya kuchemsha, fimbo. Ukungu bado umelala mabondeni. Mvua zimekatika, lakini majani makavu yanateleza kuliko tope. Kilima cha kwanza nimekimaliza kwa dakika ishirini na mbili. Pumzi nzuri. Miguu mizuri.

Nimeishia pale ninapoishia kila mara. Chini ya ule mwinuko tunaouita Ngazi, kwa sababu mizizi imejipanga kama vidato mpaka juu. Kushoto kwake ni korongo. Nimeshika mzizi wa kwanza. Sikupanda.

Nikamsikia. "Devota, subiri." Nyuma yangu, karibu kabisa, sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi. Nimegeuka. Mbega wawili juu ya mti, basi.

Mwaka na miezi miwili tangu Leka, mwenzangu wa matembezi, aanguke hapa na kufa. Kila nikija nageuka. Siku ile sikugeuka.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa Mama Leka alikuwa amesimama getini, kanga begani, ananisubiri mimi. Nimemwamkia, ameitikia "Marahaba, mwanangu" kama kawaida yake. Halafu akasema anataka nimpeleke.

"Wapi, Mama?"

"Alipoanguka mwenzio. Kwa miguu yangu mwenyewe. Nimechoka kusimuliwa."

Ana miaka sitini na minne. Goti la kulia limevimba tangu zamani. Nimemwambia pale si pa kwenda mtu mzima, pana mwinuko mkali, hata vijana wanarudi. Akasema shamba lake la Visiga nalo lina mwinuko na analima kila siku. Nikasema tutaona. Akasema hapana, taja siku.

Nimetaja tarehe 28. Sijui kwa nini nimetaja. Nimeogopa macho yake.

Jumanne, 10 Juni

Kazini nimekosea mshipa mara mbili kwa mgonjwa mmoja. Muuguzi wa miaka kumi na miwili kazini. Mgonjwa amenionea huruma. Aibu.

Jumamosi, 14 Juni

Mazoezi ya kwanza. Nimempeleka Mama Leka kwenye mashamba ya Pangani, hapa karibu, vilima vidogo tu, nikitumaini atachoka na kuacha. Hakuchoka. Anatembea polepole bila kusimama, kama mtu anayekwenda kisimani.

Amevaa buti za Leka. Zile za kahawia, kamba nyekundu. Amevaa soksi jozi mbili ndani ili zimkae. Sikujua kwamba hospitali walimrudishia.

Kilomita sita. Mimi mbele, yeye nyuma. Kila mtu na mwendo wake, lakini buti zina sauti ile ile, soli ya kulia inakwaruza kidogo. Mgongo wangu wote ulikuwa wa baridi juani. Mwishoni nimemwomba atangulie. Nimesema ni kwa ajili ya goti, ili nimwone anavyokanyaga. Uongo mwingine. Naona unakuja wenyewe siku hizi.

Jumatano, 18 Juni

Niandike basi. Daftari hili halina msomaji.

Niliyomwambia kila mtu: tulikuwa pamoja, aliteleza mbele ya macho yangu, nikashuka hapo hapo, nikapiga simu, gari likachelewa kwa sababu ya mvua.

Ilivyokuwa: Leka aliniambia asubuhi ile kwamba ameomba uhamisho kwenda kufundisha Songea na umekubaliwa. Alikuwa ameomba miezi mitano kabla. Miezi mitano tunatembea kila Jumamosi na hakusema neno. Nilikasirika. Sikuwa na mwingine wa kutembea naye, sikuwa na mwingine wa kitu chochote. Nikaongeza mwendo. Kwenye Ngazi nikamwacha.

Aliita "subiri" mara mbili. Kisha nikasikia sauti ya tatu. Haikuwa neno. Nilijua haikuwa neno. Nikajiambia anaigiza ili nirudi.

Sikurudi. Nilikaa juu kwenye mwamba mpaka mvua iliponinyeshea, nikala mkate. Nilipoanza kushuka, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Nilimkuta korongoni, nyonga imevunjika, tumbo gumu. Alikuwa anaongea bado. Alikufa njiani tukielekea hospitali, kichwa mapajani mwangu.

Mimi ni muuguzi. Najua damu inavuja kiasi gani kwa saa moja na nusu.

Jumamosi, 21 Juni

Kisarawe na Mama Leka, mpaka mgongo wa kilima cha kwanza tu. Amepanda kwa dakika hamsini. Mara tatu amekaa chini kukanda goti, mara tatu ameinuka bila kushikwa.

Kule juu kumefunguka. Misitu inashuka kama ngazi za kijani, kisha mabati ya Pugu, kisha maghorofa ya Dar yakiwa madogo kama vijiti vya kiberiti, na mwisho kabisa bahari, mstari mwembamba unaong'aa. Upepo safi. Mama Leka amesimama amevua kilemba.

"Kumbe ndiyo maana Jumamosi alikuwa hakamatiki nyumbani," akasema.

Alicheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Nimetaka kumwambia pale pale. Mdomo umefunguka. Nikamuuliza kama anataka maji.

Alhamisi, 26 Juni

Nimempigia kumwambia nina zamu Jumamosi. Akasema ameshapita kazini kwetu kuuliza, na sina. Hakuwa mkali. Akasema, "Saa kumi na mbili nitakuwa stendi." Akakata.

Huyu mama anajua kitu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimerudi, nimeoga, niandike kabla sijaanza kuyapanga maneno.

Tumefika chini ya Ngazi saa nne kasoro. Mama Leka amefunga kanga kiunoni juu ya suruali, ameangalia juu, akauliza ni vidato vingapi. Hatujawahi kuhesabu. Nimetangulia, nimempa mkono kila penye pengo. Udongo mwekundu unabomoka ukiukanyaga pembeni. Katikati goti lilimkatalia. Alining'inia kwenye mzizi kwa mikono miwili, mguu unatafuta pa kukanyaga na haupati, na mimi nimemshika mkanda wa suruali yake nikimwomba Mungu kwa sauti. Akasema, "Acha kelele, nisikilize mguu." Akapata pa kukanyaga.

Mahali penyewe pana mti ulioinama. Nimemwonyesha. Kutoka pale kuna kijia cha kuzunguka kinachoshuka hadi korongoni, ndicho nilichopita siku ile. Tumeshuka kwa makalio. Chini kuna mchanga mweupe na mawe, na baridi. Amekaa juu ya mchanga. Ameugusa. Hakulia.

Akatoa simu ndogo mfukoni. Simu yake mwenyewe, ya vitufe. Akanipa nisome. Ujumbe kutoka kwa Leka, siku ile, saa nne na dakika kumi.

"Mama nimeanguka korongoni. Usiogope. Devota yuko mbele, atarudi."

Nilisoma mara nyingi sana. Herufi ziliacha kuwa herufi.

"Wewe ulipiga simu kuomba gari saa sita kasoro," akasema. "Dereva aliniambia. Mimi si msomi, lakini saa naijua kusoma."

Mwaka mzima alijua. Amekula mezani kwangu. Ameitikia shikamoo yangu kila Jumapili.

Akaniambia nipande. Niende nikakae pale pale nilipokaa siku ile. Yeye ataita kutoka korongoni, mimi nisikilize. Anataka kujua kama panasikika. "Nimefikiria mwaka mzima," akasema. "Nataka kujua tu."

Nikapanda. Ngazi iliyobaki nimeimaliza peke yangu, nimefika juu kwenye mwamba nikakaa. Upepo kwenye majani. Hondohondo mmoja akilia mbali. Nimesikiliza kwa mwili wote, hata kupumua nimezuia. Nilikuwa na hakika nitamsikia yule mwingine, yule anayeniita kila nikija. Sikumsikia yeye wala mama yake. Hakuna. Kimya kabisa, na kimya kile kilinitisha kuliko sauti.

Nimekaa robo saa. Nimeshuka.

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu, Mama."

"Nimekuita mara kumi. Kwa nguvu zangu zote." Sauti yake ilikuwa imekauka kweli. Akashusha pumzi, mabega yakaanguka, akaonekana mzee na mwepesi. "Basi. Basi hukumsikia. Ndicho nilichokuwa nataka."

Na alikuwa ameinuka. Alikuwa anakung'uta mchanga, anatafuta fimbo yake, yamekwisha. Amenipa mlango na ameushikilia wazi. Ningeweza kupita. Hakuna mtu duniani angejua.

Nikamwambia hapana.

Nikamwambia juu hapasikiki lakini mimi sikuwa juu. Nilikuwa kwenye Ngazi, vidato vichache kutoka kwenye mti ulioinama. Nilisikia "subiri" mara mbili. Nilimsikia akianguka. Nikamwambia na lile ambalo hata humu sijaliandika: nilizima simu, makusudi, ili asinipate. Nilipoiwasha kuomba gari ziliingia taarifa kwamba amenipigia mara nne. Nikazifuta kabla gari halijafika.

Amenitazama. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Ungeninyamazia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ningelala vizuri."

"Ndiyo."

Akageuka akatazama ukuta wa korongo. Amekaa hivyo sana, jua limehama kutoka jiwe moja hadi jingine. Kisha akasema bila kunigeukia kwamba siku ile simu yake ilikuwa kwa jirani, inachajiwa. Alienda kuichukua saa nane, baada ya kumaliza kupalilia. Mstari mmoja ulikuwa umebaki wa muhogo na akasema aumalize kwanza. Hajamwambia mtu.

Sidhani alikuwa ananiomba jibu.

Tulipanda kijia hadi kwenye mti, na kushuka Ngazi alikataa mkono wangu. Alishuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi, analia sasa, kwa sauti, anashika mizizi anayoifikia. Pale goti lilipomkatalia asubuhi alishindwa tena. Alisimama na mguu hewani. Nimesubiri chini yake, mikono juu. Mwishowe akaachia uzito wake wote ukanijia. Mzito. Akiwa mikononi mwangu hakunitazama usoni.

Tukafika stendi. Alipanda gari la kwanza. Mimi nikasubiri la pili.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani amekaa safu ya mbele. Ametoka kwa mlango wa pembeni.

Alhamisi, 3 Julai

Siku tano. Hakuna simu. Siisikii sauti ya Leka tena, wala njiani, wala wodini, wala nikifungua maji. Nilidhani nitafurahi. Nyumba yangu ya Tangini imekuwa kubwa mno. Nimewasha redio nikaiacha ikiongea.

Nimemwambia dada yangu ukweli kwa simu. Akauliza kwa nini nimemwambia mama wa watu wakati alikuwa amepata amani. Sijui. Nimefikiri siku zote hizi na sijui kama nimemtendea haki au nimejitua mzigo mimi. Inawezekana ni vyote viwili.

Jumapili, 6 Julai

Mlango wa pembeni tena.

Jumamosi, 12 Julai

Sikwenda Kisarawe. Nimekwenda Visiga bila kualikwa. Nilisimama nje ya ua muda mrefu, nikapiga hodi mara moja tu, ili asiposikia niondoke.

Alisikia. Alikuwa kwenye mkeka chini ya paa la jikoni, kilima cha kunde pembeni yake. Hakusema karibu. Alisukuma ungo katikati na kusogea kidogo. Nikavua viatu nikakaa.

Tumemenya kunde. Vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Maganda yanatoa mlio mdogo yakipasuka, na kuku wanakuja kuchungulia wanafukuzwa. Saa nzima hivyo. Mara moja alichukua kunde zangu mbovu nilizochanganya, akazitupa bila kunisema.

Jua lilipofika kwenye mkeka akauliza, macho kwenye ungo:

"Asubuhi ile alikula?"

"Alikula, Mama. Pale njia panda, kwa mama mmoja mwenye kibanda. Chai ya maziwa na chapati mbili."

"Mbili."

"Mbili. Alitaka ya tatu, nikamwambia atashindwa kupanda. Akala nusu ya yangu."

Mikono yake ilisimama. Kisha akachukua konzi nyingine ya kunde, akaigawa, nusu akaiweka mbele yangu.

"Chai alitia tangawizi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, nyingi. Tukaendelea kumenya.