Nishani Niliyokubandika Siku Ukiondoka

Mpwa wangu Nassor,

Ukiambiwa London ina watu wakubwa watatu, mimi ndiye wa mwanzo, na hao wawili waliobaki huniamkia. Ulikuwepo stesheni ya Croydon Waingereza waliponipisha njia. Uliona mwenyewe.

Unazikumbuka Idi za Thamesmead kwa mamako, mimi na koti langu la vifungo vya shaba? "Mjomba, tupe hadithi ya babu." Nikikupa. Babu yangu, askari wa Kisudani, alivyoazimwa na mtawala wa Misri kwa Wajerumani aje kuwapiga watu wa pwani, akauteka mji peke yake, bunduki mkono huu, kikombe cha kahawa mkono huu. Mamako akipita na sinia: "Kaka, mwaka jana ilikuwa chai."

Kisha ukaja na karatasi. Mfalme mmoja wa Arabuni anataka askari, maofisa Waingereza, vita viko milimani. Ukasema, "Damu ya babu hii, mjomba." Siku ya safari mimi ndiye niliyeunyanyua Msahafu mlangoni upite chini yake. Ningesema neno moja ungebaki. Sikusema, majirani walikuwa wanatazama.

Tangu hapo barua yako moja tu. Unasema hao mnaowapiga mnawasikia wakiadhini alfajiri kabla yenu. Mamako ameikunja, ameiweka chini ya mto. Chakula ananipakulia, uso hanipi. Redio ikitaja Arabuni huizima.

Basi isikie ya babu nisiyopata kuisema. Hakuteka mji wowote. Yeye na wenzake walihesabiwa melini kama mbuzi, wakaja kupigishwa watu waliosali kama wao. Vita vilipokwisha, aliyemwazima hakumuulizia tena. Alizeekea Unguja akiuza makaa, na kila meli ikitia nanga huenda gatini kuuliza kama imetumwa kumchukua. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimfuata, akimshika mkono, akimrudisha nyumbani.

Rudi, Nassor. Waambie maofisa wako, mamako mgonjwa. Si uongo.

Na ile nishani niliyokubandika kifuani, nikasema ya babu, usimwonyeshe ofisa yeyote. Niliinunua Thornton Heath, kwenye meza ya mitumba. Maandishi ya nyuma ni ya mashindano ya kuogelea ya watoto wa skuli.

Na kuogelea kwenyewe sijui.

Mjomba wako,
aliyekushikia Msahafu