Maji ya Kwanza

Buswelu, 3 Februari 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti lako limepata nafuu. Sisi tunaendelea, ila Yakobo ndiye hatulii na kikohozi chake. Tangu apunguzwe kazini kule kwenye kinu cha pamba, nilidhani vumbi likimtoka kifuani kikohozi nacho kitaisha. Wapi! Mume wangu anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali wanamwandikia dawa akanunue madukani, maana siku hizi kila kona kuna duka la dawa. Tumenunua mpaka tumechoka.

Naomba zile ndevu za mti ulizokuwa ukitupa tukikohoa, zile za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ya miti mizee huko mlimani. Huku mjini kuna zinazofanana nazo zimegandia mawe, lakini hizo sizijui.

Usinicheke. Najua niliyoyasema juu ya dawa zako siku nilipookoka.

Mwanao,
Odeta


Sengerema, 16 Februari 1997

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Goti linaniuma kukipambazuka, jua likipanda linasahau. Mpe pole mkwe wangu.

Nimekucheka, tena sana, halafu nikapanda mlimani. Nimechuma za kutosha na kuzikausha kivulini. Za mawe usiziguse. Hata za miti ya barabarani uziache, zinanyonya moshi na kila uchafu unaopita. Mpe kikombe kidogo asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha apumzike. Utengeneze kama ulivyoniona nikitengeneza tangu ukiwa mdogo. Mkono wangu wa kisomo cha ngumbaru unachoka kuandika mambo unayoyajua.

Mzigo anao jirani yetu Chenge, anavuka na kivuko kesho na mbuzi wake.

Mama yako


Buswelu, 11 Machi 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mzigo ulifika ukinuka mbuzi, lakini ulifika.

Mama, dawa yako inafanya kazi! Siku saba zilipoisha Yakobo alikuwa analala bila kuinuliwa mto. Basi hatukuacha. Kitu kinachomsaidia mtu unakiachaje? Sasa ni wiki ya tatu. Nachemsha mara moja, nachuja, anakunywa yote, hakuna kinachopotea. Yale majivu yako, na yale maji ya kwanza uliyokuwa ukiyamwaga kizingitini ukitaja majina ya wazee waliokufa, hayo nimeyaruka. Usikasirike. Ndani ya nyumba hii hatufanyi tambiko.

Hana hamu ya kula siku mbili hizi, ila kikohozi kimekwisha kabisa. Anakusalimu.

Mwanao,
Odeta


Sengerema, 19 Machi 1997

Odeta,

Marahaba. Salamu nyingine nitakupa baadaye.

Acha kumpa dawa hiyo leo hii. Maji ya kwanza hayakuwa ya mizimu. Majivu yanautoa uchungu wa zile ndevu, uchungu unabaki kwenye maji ya kwanza, ndiyo maana tunayamwaga. Anayepewa mgonjwa ni maji ya pili, tena kwa siku chache. Mama yangu alimwona mtu aliyeyanywa ya kwanza. Alikuwa wa manjano, na hakupona.

Yale majina niliyataja kwa sababu mama yangu aliyataja. Majina naweza kuyaacha, mwanangu. Maji siwezi.

Mtazame macho. Yakiwa na rangi, mkimbizeni hospitali na uwaambie kila alichokunywa. Usione haya. Kosa ni langu pia, nilikuonyesha kwa mikono na sikukuambia sababu.

Chenge yuko hapa mlangoni, nampa barua hii sasa hivi.

Mama yako


Buswelu, 8 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini huko ni wazima. Huku si wazima.

Yakobo amelazwa. Macho yamekuwa ya manjano na mkojo wake ni kama chai ya rangi. Daktari aliniuliza kama amekunywa dawa yoyote ya kienyeji. Mchungaji wetu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. Nikasema hapana.

Dawa yako ninayo kwenye chupa, ndani ya kikapu, chini ya kanga. Wauguzi wakigeuka nampa. Ndiyo pekee iliyowahi kumsaidia.

Nilidhani nitaogopa, lakini siogopi. Nakaa kwenye benchi, mikono iko mapajani, watu wanapita. Mtu akiniuliza jambo inabidi arudie.

Mwanao,
Odeta


Buswelu, 21 Mei 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulivuka salama na goti halikukusumbua kwenye kivuko. Asante kwa kuja kumzika Yakobo, tena ulikuja kwa kusikia tangazo la redioni tu. Barua yangu ya tarehe nane Aprili nadhani ilichelewa njiani, uliikuta uliporudi.

Yako ya Machi imenifikia jana. Chenge alipitia kwanza Geita kwa ndugu yake machimboni, akaugua huko wiki nyingi. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Alinipa kwa mikono miwili, akanipa pole, hakujua alichobeba.

Sasa najua kwa nini ulikaa msibani siku tatu bila kunitazama. Ulidhani nilikuwa nimeisoma.

Nimerudi hospitali nikamweleza daktari ukweli. Akasema huenda ni dawa, huenda ini lilikuwa limeanza kuugua zamani, hawezi kuapa. Lakini angejua siku ile ya kwanza, angemkataza kuendelea. Aliandika kidogo kwenye faili, akalifunga.

Umesema kosa ni lako pia. Sijui kama nataka tugawane. Bado sijalia, mama. Majirani wanaliongelea hilo.

Ile chupa ilikuwa imebaki nusu. Asubuhi hii nimeitoa na kuimwaga kizingitini, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Dada Bernadeta wa kanisani alikuwa akipita. Akasimama, akaniuliza namwagia nani.

Nikamtajia Yakobo.

Mwanao,
Odeta