Namba Yako Inayolipa

Baba Sharon,

Leo nimeenda mjini, kwenye ofisi ya ule mfuko wa uwekezaji tuliojiunga nao kwa ajili ya masomo ya Sharon. Sikuwa nimekanyaga huko tangu tukuzike.

Unakumbuka siku tuliyojiandikisha? Yule dada wa ofisini alituuliza tutalipa kwa njia gani. Mimi nilitaka benki ikate mshahara wangu wa ualimu kila mwisho wa mwezi, tusahau. Ulikataa. Ukamwambia, "Mimi ni fundi wa pikipiki pale Khayega, nalipwanga kwa mkono. Nitatuma na simu kila jioni, hata kama ni kidogo." Ukanigeukia. "Mama Sharon, nataka kujua imetoka kwangu."

Basi kila jioni ulisimama mlangoni, mikono imejaa oili, ukimwambia Sharon akubonyezee simu. "Tuma ya shule." Hata ulipolazwa, uliomba simu. Vidole vilikuwa vimekosa nguvu, nikakubonyezea mimi. Ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Leo yule dada alifungua kompyuta, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii namba inayolipa bado inatumika?"

Baba Sharon, nililia mbele ya watu. Akaniletea maji.

Kisha akanieleza kwamba naweza kuendelea na simu, kwa namba yangu, au benki ikate. Nikawaza jioni zote hizo, mimi na simu mkononi, nikitazama mlango. Siwezi. Nimechagua benki. Alipotaka kuondoa namba yako nilimwomba angoje kidogo. Akangoja. Halafu nikamwambia, "Toa tu."

Nilipofika nyumbani nilimweleza Sharon. Akaniuliza, "Kwa hivyo jioni hatutatumanga tena?" Nikamwambia sasa inatoka yenyewe. Alienda akaketi nyuma ya jikoni mpaka nikamfuata, tukalia pamoja.

Nimepika tena obusuma, ugali wa watu watatu. Sijui lini mikono yangu itazoea.

Pesa hiyo sitaigusa kwa jambo lingine, hata nikibanwa namna gani. Sharon atasoma. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, mume wangu. Ulikuwa umechoka sana.

Ni mimi,
Mama Sharon