Tumbo la Baba Limenyamaza

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumamosi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Goti linakuruhusu kupanda ngazi, au bado linakununia baridi ikizidi? Mzee hajambo? Na wajukuu, wameshakusahaulisha njia ya kurudi kwetu? Sisi huku wazima, na leo neno hilo nalisema kifua mbele, maana Baba amepona. Amepona, Shangazi! Majibu yametoka asubuhi hii: wale bakteria waliokuwa tumboni mwake hawaonekani tena. Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke.

Najua kwenye simu tulikwambia tu kwamba mdogo wako "hajisikii vizuri." Mama alikataa tukushtue ukiwa mbali. Sasa nakumwagia yote.

Unamjua Baba, kinyozi wetu. Wateja wanamwita Redio, kwa kuwa kichwa hakimaliziki kunyolewa kabla mwenyewe hajasikia habari za mtaa mzima. Basi mwaka jana Redio ikaanza kukatikakatika. Ananyoa huku kaegemea kiti, mkono mmoja tumboni. Kwenye droo ya nyembe aliweka vidonge vya kupunguza asidi, anavitafuna kama karanga. Vikimtuliza anasema, "Si unaona? Kiungulia tu." Hospitali hataki hata kuisikia. Kumbe moyoni alikuwa na lake: Babu alikufa kwa tumbo, naye alishaamini zamu yake imefika. Aliogopa kuambiwa.

Siku moja, katikati ya kazi, akaanguka. Kitini alikuwepo dereva wa teksi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. Dereva hakuuliza swali. Alimbeba Baba mgongoni, shuka la kunyolea likimning'inia shingoni, akamkimbiza hospitali. Mama alipofika akadhani mgonjwa wa kutisha ni yule mwenye nusu kichwa.

Shangazi, tulilia. Choo cha Baba kilikuwa cheusi kama lami, kumbe damu ilikuwa ikivuja tumboni. Wakamwongezea damu, wakampitisha mpira wenye kamera kooni. Sisi kwenye benchi, hakuna anayemtazama mwenzake. Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, akatoka, akasema, "Si saratani. Ni kidonda, na kwenye ukuta wa tumbo kuna bakteria."

Baba alipopata nguvu akamuuliza, "Bakteria wanaishi ndani ya asidi yote ile?"

"Wanaishi raha mustarehe," daktari akamjibu. "Vidonge vyako vilipunguza asidi, maumivu yakatulia, lakini mchokozi wa kidonda ukamwacha palepale."

Akaandikiwa antibiotiki za aina mbili, pamoja na vidonge vilevile vya asidi, safari hii kwa mpango: asidi ikipungua, antibiotiki zinafanya kazi vizuri na kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Wiki mbili, bila kuruka. Mdomo ukamchachuka, anasema ni kama kalamba msumari. Hata nusu hajafika, maumivu yakakata, naye akataka kuacha. Hapo Mama akamweka sawa: "Mume wangu, kichwa cha nusu ulishakiona kinavyofanana. Dawa ya nusu unaitakia nini?" Akameza mpaka kidonge cha mwisho.

Kilichotutesa kikaja baadaye. Kidonda kilipokwisha kufunga, ikabidi aache vidonge vya asidi kwa muda kabla ya kupimwa tena, maana hivyo huweza kudanganya kipimo. Kiungulia kikarudi kwa kishindo! Daktari alikuwa ametuonya kwamba asidi hufura kidogo mtu akiacha dawa, lakini hofu haina masikio. Baba akanywea kama kuku wa mvua.

Basi leo daktari kasoma majibu, katabasamu kabla hajasema neno. Baba akafuta macho kwa kofia yake. Kisha, Shangazi, akaanza kumsimulia daktari habari za mtaa mzima! Foleni ya nje ikanuna. Mimi sijawahi kusikia kelele tamu kama zile.

Sasa nakugeukia wewe. Uliniambia nawe unalala na vidonge hivyohivyo chini ya mto. Daktari anasema bakteria hawa mara nyingi huingia utotoni, na nyinyi wawili mlikula sahani moja. Usiache dawa wala usianze nyingine kwa sababu ya barua yangu. Nenda tu ukapimwe, umweleze daktari yaliyompata mdogo wako.

Mama anakusalimu sana, na kaka zangu pia. Dereva wa teksi naye, ambaye sasa ni ndugu kabisa, anasema karibu. Nisalimie Mzee na uwabusu wajukuu. Mungu akulaze salama na akuamshe mwepesi.

Baba amenisimamia hapa begani, anataka niandike neno kwa neno: "Dada, mimi niliogopa bure. Wewe usiogope."

Mwanao akupendaye pasipo kipimo (ila cha hospitali usikikwepe),

Kitindamimba