Moja Saba za Mwalimu Boay

Jumatatu, 12 Mei
Ukungu tangu asubuhi. Madaftari ya Kidato cha Pili, arobaini na matatu. Baada ya hapo, namba ya Boay. Nimegawanya kwa 101. Imebaki 10.

Miaka sita tulitegeana namba za kugawanya ofisini kila Ijumaa. Kalamu na karatasi tu, kikokotozi ni uoga. Baada ya Pasaka wakamhamishia Loliondo. Aliniachia karatasi: “1,111,111. Ikigawanyika, Madam, likizo ya Juni njoo. Isipogawanyika, sitakuuliza tena.”

Miaka sita meza moja, anasubiri uhamisho ndipo aseme! Nataka igawanyike.

Alhamisi, 15 Mei
Nimefika 499. Hakuna. Mama Bura, mpishi wa shule, kachungulia dirishani: “Madam, hiyo kalamu itakuoa lini?” Nimecheka. Alipoondoka nikalia kidogo.

Jumapili, 18 Mei
Nimemaliza. Namba tasa 177, kuanzia 2 hadi 1051. Zaidi ya hapo hakuna haja, kipeuo cha pili cha namba yake hakifiki 1055. Zote zimebakiza.

Ningeweza kumdanganya. Kwenye hesabu siwezi. Nimemtumia ujumbe: “Haigawanyiki.” Amejibu: “Sawa Madam. Nimeelewa.”

Ameelewa nini?

Jumanne, 20 Mei
Sina la kuandika. Baridi.

Jumapili, 1 Juni
Kanisani, kisha nyumbani. Wiki nzima aliyefika mlangoni kwangu ni mbuzi wa jirani.

Nimeanza namba upya kutoka 2. Huwa sirudii hesabu, kurudia ni kazi ya wanafunzi. Leo nimerudia kwa upweke tu, mkono upate la kufanya.

Nikafika 239. Kwenye karatasi ya zamani, 1551 kutoa 1434, niliandika 127. Ni 117. Kosa la mtoto wa darasa la tatu! Nikaendelea kushusha. Baki sifuri.

239 mara 4,649.

Boay hatoi namba asiyoijua. Alijua tangu mwanzo kwamba inagawanyika. Akadhani namkataa kwa adabu. Nimempigia mara nne. Hapatikani.

Jumatano, 4 Juni
Ujumbe wangu haujamfikia. Mtandao au hasira, sijui. Nimejichukia siku nzima. Nimewafokea Kidato cha Pili kwa kutohakiki majibu yao. Aibu.

Jumamosi, 7 Juni
Shule ilifungwa jana.

Nimeamka mapema, nikapiga pasi gauni la bluu. Pikipiki ya kunishusha Karatu imeshafika, basi la Loliondo linapita saa mbili. Nimemsomea Mama Bura ile karatasi. Akauliza kama Mwalimu amejibu. Nikamwambia bado.

“Sasa unaenda kwa nani?”

Nikamwonyesha mstari. Ikigawanyika, njoo. Kujibiwa hakumo.

Nimezidisha tena, wima, kwa mwandiko mzuri. Moja saba zimekaa kwenye mstari. Karatasi iko kwenye mkoba, pamoja na kahawa nusu kilo. Ufunguo nimemwachia Mama Bura.